Barua kwa mdogo wangu kuhusu mkaguzi na sanduku lililofungwa

Mdogo wangu,

Jumapili uliondoka kwa shangazi, Buruburu, umenuna, nami usingizi ukaniruka. Ulisema mkaguzi wa nyuklia asiyeruhusiwa kuona ndani ya sanduku lenye bomu ni sawa na askari wa zamu aliyefungwa kitambaa machoni. Nilinyamaza kwa kukosa jibu. Sasa ninalo.

Mwaka 1996 Marekani, Urusi na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki zilianza kutafuta njia ya kuhakiki plutoniamu, metali ya kuundia mabomu ya nyuklia, iliyotoka kwenye silaha. Plutoniamu hutoa miale ya gama, isiyoonekana kwa macho, na anayejua kuisoma hupata mengi mno, hata akaanza kukisia bomu lenyewe limeundwaje. Je, mkaguzi akiwa ametoka nchi kama yetu, isiyo na silaha hizo? Mkataba wa kuzuia kuenea kwa silaha za nyuklia, unaofanya kazi tangu 1970, unamkataza mwenye silaha kumsaidia asiye nazo kuziunda. Kumfunulia mkaguzi yote ni kuuvunja mkataba uleule anaoulinda.

Wakabuni kizuizi cha taarifa: kifaa kinapima na kulinganisha ndani kwa ndani, nje inawaka taa tu, ya kijani au nyekundu. Mpango huo uliisha 2002 bila kutumika. Na hapo ndipo penye ugumu: nani akitengeneze kifaa? Akitengeneza mwenye bomu, taa yaweza kudanganya. Akitengeneza mkaguzi, kinaweza kuondoka na siri. Kuanzia 2007 Uingereza na Norwei zilijaribu kushirikiana kukiunda.

Lakini kilichonigusa zaidi ni pendekezo la 2014 la watafiti Alexander Glaser, Boaz Barak na Robert Goldston: namba ya siri isipimwe kabisa. Jana nimeijaribu jikoni na mwanangu, kwa maharagwe ya nyayo. Aliweka punje idadi sawa katika vikombe viwili, hakuniambia ngapi. Kisha katika kila moja ya sufuria mbili akaweka punje ambazo kikombe kimoja kilizikosa ili kifike 100. Vyote akavifunika. Mimi nikachagua kikombe kipi kimwagwe sufuria ipi, nikahesabu: 100, na 100. Vikombe vilikuwa sawa, nina hakika. Vilikuwa na punje ngapi, mpaka sasa sijui. Kama vingetofautiana, ningemnasa mara moja kati ya mbili. Tukirudia mara 10, nafasi yake ya kuponyoka ni 1 kati ya 1,024.

Wao hutumia nyutroni, chembe ndogo mno zinazopenya bomu na kuhesabiwa upande wa pili. Bomu linalokaguliwa hulinganishwa na lile linaloaminika kuwa la kweli, na vigunduzi vya kuzihesabu hujazwa mapema kiasi kinachokosekana kufika jumla iliyokubaliwa, kama sufuria zangu.

Hilo bomu la kwanza la kuaminika litapatikanaje? Hapo una haki ya kuwabana, nami nitawabana pamoja nawe. Ila kuhusu kile kitambaa machoni, njoo Jumamosi. Kikombe utachagua wewe.

Dada yako