Mlo ubaki ulivyo, tupunguze moto na kumwaga

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji. Kila bei ya vyakula inapopanda, sisi wa Tanga hupewa ushauri ule ule: kuleni kidogo, acheni samaki, chai inyweni ya rangi. Siukubali ushauri huo, hasa kwa nyumba yenye watoto wadogo. Fedha nyingi ya chakula haifiki tumboni. Huungua pamoja na mkaa, humwagwa asubuhi na kiporo kilichochacha, na nyingine hupotea dukani kwa sababu ya kununua kidogo kidogo. Hiyo ndiyo iokolewe kwanza, kabla ya kumpunguzia mtu sahani yake.

Chukua maharage. Yanasifiwa kuwa chakula nafuu, lakini yakiingia chunguni makavu hukaa jikoni saa mbili au zaidi, na mkaa huongezwa mara mbili, mara tatu. Ukiuhesabu mkaa huo, unafuu umekwisha. Nusu kilo ichambuliwe, ioshwe, ilowekwe kwenye lita mbili za maji baada ya sala ya isha. Alfajiri utayakuta yamevimba karibu maradufu. Muda wa saa nane unatosha. Kwa joto la pwani, yakipita saa kumi na mbili maji hutoa povu na harufu ya uchachu. Aliyesahau kuloweka ayachemshe dakika mbili, aipue, afunike kwa saa moja, kisha amwage maji hayo na kuanza na mengine.

Ndimu, nyanya na ukwaju visiingie mapema. Uchachu huzuia maharage kulainika, na hapo ndipo mpishi hukimbilia magadi. Magadi yanalainisha kweli, ila yakizidi huharibu vitamini, hasa B1, na kuacha ladha ya sabuni; robo ya kijiko cha chai kwa nusu kilo isizidi. Na maharage yaliyokaa muda mrefu kwenye joto na unyevu huwa magumu kuiva, hata uyapikie nini. Muulize muuzaji ni ya msimu upi, nunua kilo moja uijaribu, ndipo uchukue nyingi.

Baada ya kuloweka linakuja kapu la kumalizia kuivisha chakula bila moto, na hili ndilo ningependa kila nyumba ilifanye. Tafuta kapu la ukili ambalo sufuria ikikaa ndani inabakiwa na nafasi ya upana wa kiganja chini na pande zote. Nafasi hiyo ijazwe makumbi ya nazi yaliyochambuliwa na kukauka vizuri, yashikiliwe na kitambaa kilichoshonwa kuzunguka ili nyuzi zisiingie chakulani. Shona na mto wa makumbi hayo hayo wa kufunika juu. Huku kwetu makumbi yanatupwa nyuma ya nyumba, na ni kizuizi kizuri sana cha joto. Maharage yaliyolowekwa yachemke kwa nguvu dakika 20 hadi 30 yakiwa yamefunikwa, kisha sufuria itoke motoni iingie kapuni pale pale bila kufunuliwa, ikae saa tatu au nne. Moto wa nusu saa unakuwa umefanya kazi ya saa mbili, na jiko limebaki wazi kwa kitu kingine.

Wengi hujaribu mara moja wakaacha, na mara nyingi kosa ni moja kati ya haya: sufuria ilikuwa nusu tupu, na sufuria ya namna hiyo hupoa haraka, mfuniko haukukaa sawa, au mtu alifunua kuchungulia. Kingine ni cha hatari. Zile dakika 20 za mwanzo zisipunguzwe. Maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu inayovunjwa na mchemko mkali wa angalau dakika 10. Joto la kapu peke yake haliivunji, na atakayekula atatapika. Ukifungua kapu chakula kiwe cha kuunguza kidole. Kikiwa vuguvugu tu, kapu lako halijajazwa vya kutosha. Rudisha motoni, kichemke, utie viungo, na tui zito liwe la mwisho. Tui zito halihitaji moto mrefu, na likichemka bila kukorogwa hukatika.

Mkaa uliobaki usiachwe uishe wenyewe jikoni. Utie kwenye kopo la bati lenye mfuniko unaobana. Utazimika kwa kukosa hewa, na kesho utawaka upesi kwa kipande cha kifuu. Jiko lenye moto lisiwekwe kamwe kwenye chumba kilichofungwa, hata usiku wa mvua. Hewa yake ya sumu haina harufu, na huua watu wakiwa usingizini.

Samaki kwa mtu wa Tanga si anasa, lakini ana kalenda yake. Dagaa huvuliwa kwa taa wakati wa giza. Mbalamwezi ikikolea hawakusanyiki kwenye taa, vyombo hurudi na kidogo, na bei hupanda. Anayefuata mwezi wa Kiislamu hahitaji kuelezwa sana: katikati ya mwezi ndipo dagaa huwa haba, na giza hurudi siku za mwisho na za mwanzo. Hizo ndizo siku za kwenda soko la samaki la Deep Sea alfajiri na ndoo, ukanunua wa wiki mbili tatu na kuwakausha. Kwa akiba ya muda mrefu zaidi, kausha wakati wa kaskazi, jua likiwa kali. Kusi likivuma kwa nguvu ngalawa nyingi hazitoki, na wakati wa masika dagaa hawakauki hata ukiwaanika siku nne, wanaota ukungu.

Kukausha kwenyewe si kazi ngumu. Osha dagaa kwa maji safi. Chemsha maji yenye vijiko viwili vya chakula vya chumvi kwa kila lita, watie kwa mafungu madogo, dakika tatu hadi tano, mpaka macho yawe meupe. Ukitia wengi kwa pamoja maji yanapoa, dagaa wanapasuka na kuvurugika. Waanike juu ya chanja au wavu ulioinuliwa, safu moja. Kwenye mchanga hushika mchanga usiotoka hata kwa kuosha mara tano, na upande wa chini hubaki na unyevu. Geuza mara mbili kwa siku, ingiza ndani kabla ya umande. Wamekauka wakivunjika kwa vidole bila kupinda. Kabla ya kuwafungia kwenye ndoo waache wapoe kabisa kivulini. Wakifungwa na joto la jua hutoa jasho, na ukungu huanzia hapo.

Kuhusu kibua na jodari nina onyo. Bei yao hushuka mchana, na wengi husubiri saa hiyo. Kama hawakukaa kwenye barafu, usiwasubiri. Samaki wa jamii hiyo wakikaa joto hutengeneza sumu inayoleta mwasho, uso kuwa mwekundu, kichwa kuuma na kutapika, na sumu hiyo haitoki kwa kukaanga wala kwa kuchemsha. Tazama matamvua yawe mekundu, macho yawe angavu, na nyama ikibonyezwa irudi. Fedha ya kununulia samaki wa namna hiyo ni afadhali inunue dagaa wakavu. Kichwa na mifupa ya changu au tasi visitupwe: chemsha nusu saa na kitunguu, tangawizi na ndimu, chuja, na supu hiyo ndiyo ipikie mchuzi.

Sasa vipimo. Mafuta ya kupima ndiyo yanayokula fedha kimyakimya. Nitoe mfano wa hesabu tu: kama robo lita ni shilingi 1,800 na lita nzima ni 6,000, anayenunua robo nne ametoa 7,200. Amelipa 1,200 zaidi kwa mafuta yale yale. Najua kinachomzuia mtu ni kukosa fedha taslimu kwa mkupuo, wala si kutojua hesabu. Ndiyo maana majirani watatu wa nyumba moja ya kupanga wanafaa kuchanga wanunue dumu la lita tano na kugawana kwa chupa moja ile ile, mbele ya wote. Sukari na mchele ni hivyo hivyo. Mchele na mahindi yanunuliwe kwa kilo kila inapowezekana. Ukilazimika kununua kwa sado, kile kindoo cha kupimia, ipindue kwanza uone kitako: kikiwa kimebonyezwa kwenda ndani, umepunjwa kabla hata hajaanza kumimina.

Ila kununua kwa wingi kuna mpaka wake. Dona lina mafuta ya kiini cha mahindi, na kwa joto letu baada ya wiki chache huwa chungu. Saga la wiki mbili tu, mahindi mengine yabaki punje kwenye ndoo kavu iliyojazwa mpaka juu na kufungwa sawasawa. Wadudu wakikosa hewa hawaendelei. Sembe huvumilia zaidi. Nyanya masalo, yaani zilizobaki baada ya nzuri kuchaguliwa, pale sokoni Mgandini zinafaa sana, kwa sharti zipikwe siku hiyo hiyo: kata sehemu iliyooza, chemsha, kausha maji, tia chumvi na mafuta kidogo. Zenye ukungu usizikate, zitupe.

Wali upimwe. Kikombe cha mililita 250 huchukua takriban gramu 200 za mchele, na kinatosha watu wazima wawili. Wali wa nazi hauna subira, asubuhi umechacha. Na wali wowote uliolala kwenye sufuria kwa joto hili unaweza kuwa na sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Kama kiporo kinatakiwa kwa ajili ya chai ya asubuhi, bora kiwe muhogo au viazi vitamu vilivyochemshwa vikavu.

Kwenye vinywaji sina mengi. Chemsha chai mara moja, itie kwenye chupa ya chai, usiipashe mara tatu. Machungwa ya Muheza yakijaa barabarani nunua kwa mamia mshirikiane, na soda ziache. Kinachotaka maelezo ni maji ya kunywa, kwani wengi wanayachemsha robo saa nzima. Yakishachemka na kububujika, dakika moja imetosha, hata kule juu Lushoto. Na siku za jua unaweza usitumie mkaa kabisa. Chukua chupa ya plastiki isiyo na rangi, isiyozidi lita mbili, isiyochubuka. Isafishe, ijaze maji, ifunge, ilaze juu ya bati tangu asubuhi kwa muda wa saa sita za jua kamili. Mawingu yakitanda, siku mbili mfululizo. Mvua ya kutwa, rudi kwenye kuchemsha. Maji yawe maangavu, kwani tope huwakinga vijidudu. Ili kujua, simamisha chupa juu ya kichwa cha habari cha gazeti hili na utazame kwa juu kupitia mdomo wa chupa: usipoweza kusoma herufi, chuja kwanza. Jua haliondoi chumvi, hivyo maji ya kisima yenye chumvi yatabaki na chumvi yake. Kunywa kutoka chupa ile ile. Ukihamishia kwenye mtungi usiooshwa, kazi ya siku nzima imepotea.

Msomaji wenu,
Makorora, Tanga