Baba, Avon Si Mmoja

Bath, Uingereza, Jumapili usiku

Shikamoo Baba. Mimi mzima, kazi inaendelea, baridi ndiyo ile ile. Mama msalimie sana.

Nimesikia ya msibani. Kwamba Baba Mdogo alisimama mbele ya wazee, simu mkononi, akasema picha niliyokutumia ni ya uongo na mwanao hajauona Avon, mto wa Shakespeare. Kilichoniuma ni kuambiwa kwamba uliikunja ile picha ukairudisha mfukoni, usiseme neno.

Picha si ya uongo, Baba. Huo ni Avon kweli, unapita hapa Bath chini ya daraja la Pulteney kuelekea Bristol. Ila wa Shakespeare ni mwingine, uko Stratford alikozaliwa, nao huingia mto Severn pale Tewkesbury. Wa tatu unatoka upande wa Salisbury na kushuka baharini Christchurch. Huko hukutana na Stour, ambao nao una majina wenzake: huu wa Dorset ndio mwandishi Thomas Hardy aliishi ukingoni mwake 1876 hadi 1878 akautungia na shairi, na uko mwingine Suffolk aliokulia mchoraji Constable.

Ulipoandika “hatimaye umefika kwa Shakespeare,” ningekusahihisha siku ile ile. Niliiona furaha yako nikashindwa. Hilo kosa ni langu, unisamehe.

Lakini Baba Mdogo, mtu wa kwetu! Ruvu wetu unaingia Nyumba ya Mungu, na kuna Ruvu wa Mlandizi wanaokunywa watu wa Dar. Nani amewahi kuitwa mwongo kwa hilo? Tena Avon si ajabu kuwa mingi. Wenyeji wa kale, kabla ya Kiingereza kufika huku, mto waliuita abona, na Wales mpaka leo mto ni afon. Wageni wakadhani ni jina. Mwingereza akisema Mto Avon, anasema Mto Mto.

Jumamosi nilikwenda Stratford, kwa nauli yangu. Kanisa la Holy Trinity liko ukingoni kabisa, na ndani yake amelala Shakespeare tangu 1616. Mabatamaji walikuwa wanapita, weupe, shingo ndefu. Ulituandikia ubaoni kwamba mwaka 1623 mshairi Ben Jonson alimsifu marehemu kwa kumwita batamaji wa Avon, nawe hujawahi kumwona ndege huyo. Nimekupigia picha wanne.

Kisha nikatoa ile nakala yako ya Mabepari wa Venisi, tamthilia ya Shakespeare aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere, ya 1969, uliyoishona jalada kwa uzi mweusi. Nikasoma Kiswahili cha Mwalimu kwa sauti, kurasa tatu, pale pale kando ya maji. Watu walisimama kusikiliza. Baba, sijawahi kujiona mtu mkubwa kama siku ile.

Mabati: nimetuma ya upande mmoja wa paa. Upande wa pili mwisho wa mwezi, Mama asikope kwa mtu.

Mwonyeshe Baba Mdogo picha zote mbili, ya Bath na ya Stratford, mbele ya wazee wale wale. Na mdogo wangu akienda darajani anipigie picha ya Ruvu, maji yakiwa yamejaa. Nimepekua simu yote jana, sina hata moja.

Mwanao