Mashamba ya Kanisa Ufaransa hayakugawanywa kiholela

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu Mapinduzi ya Ufaransa iliyataja mashamba ya Kanisa kana kwamba yalikuwa nyara za kugombaniwa. Naomba nafasi niseme machache, kwa kuwa nimefanya kazi ya upimaji ardhi kwa miaka mingi na utaratibu wa kuyauza mashamba yale hunivutia.

Bunge liliiweka mali ya Kanisa mikononi mwa taifa tarehe 2 Novemba 1789, na sheria ya Mei 1790 ikaeleza namna ya kuiuza. Shamba lilithaminiwa kwa kuzidisha pato lake halisi la mwaka mara 22, kisha likanadiwa katika makao makuu ya wilaya huku mishumaa midogo ikiwashwa mmoja baada ya mwingine; wa mwisho ukizimika bila mtu kupandisha bei, mnada umefungwa. Mshindi alitanguliza asilimia 12, na salio akalilipa kwa miaka 12 pamoja na riba.

Sheria hiyo ilitaka pia kwamba, endapo jumla ya bei za vipande ingelingana na bei ya shamba zima, vipande ndivyo vipewe kipaumbele. Hapo, kwa maoni yangu, ndipo nia njema ya kuwapa wakulima wadogo nafasi ilipokwama, kwani mara nyingi mkulima mwenye vijisenti hakuweza kushindana na tajiri wa mjini, aliyelipa kwa noti za assignat, yaani pesa za karatasi za serikali ya Mapinduzi, ambazo thamani yake iliporomoka mwaka hadi mwaka.

Wenu,
Mpimaji mstaafu,
Morogoro