Mwana Kupona asisomwe nusu

Mhariri,

Kila inapozuka mada ya nafasi ya mwanamke katika ushairi wa Kiswahili, Utendi wa Mwana Kupona, shairi refu la mama kumuusia bintiye, lililotungwa mwaka 1858, huletwa kuwa ushahidi wa jambo moja tu: mke amtii mume. Wanaoupenda hunukuu beti zinazomtaka binti ampepee mumewe anapolala, na wanaouchukia hunukuu hizohizo. Naomba nafasi niseme kwamba pande zote mbili zinamdhulumu mama yule.

Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu katika kisiwa cha Pate karibu na Lamu, anasema katika utendi wake kwamba maradhi yamemshika hata yametimu mwaka, kisha anamwita bintiye aje aketi mbele yake na wino na karatasi. Mstari huo hupitwa haraka mno. Mama anayeagiza wino anajua kwamba binti yake ataandika, na anapowahimiza wanawake wenzake mwishoni wausome utendi huo, anajua kwamba wako wasomaji wa kike, na hayo yalikuwa miongo kadhaa kabla ya utawala wa Waingereza kufika Lamu.

Hata hivyo, kumtukuza tu hakutoshi. Utendi huohuo unamwonya binti asitangamane na watumwa isipokuwa wakati wa kazi. Hapo ndipo ninaposita kila ninapousoma, kwa sababu onyo hilo linafichua, pengine bila mtunzi kukusudia, kwamba nyumba ile ya adabu na manukato ilikuwa na watu wengine waliobeba kazi zake, na hao hawakuachiwa ubeti wa kujisemea.

Kwa hiyo nawaomba walimu wa fasihi wausomeshe utendi huu sambamba na wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu, ulioandikwa na Shaaban Robert. Siti, aliyezaliwa Fumba, Unguja, katika ukoo maskini wenye asili ya utumwa, alitembeza vyungu akivinadi kwa sauti, na sauti hiyohiyo ndiyo iliyomfikisha Bombay mwaka 1928 kurekodi taarabu kwa Kiswahili. Wanafunzi waulizwe ni kazi zipi za wanawake zilizotajwa katika kila kitabu, zilifanywa na nani, na nani alipata nafasi ya kuzisimulia. Mtihani unaouliza tu kama Mwana Kupona alikuwa mke mtiifu umemwacha mama huyo amekaa na karatasi yake, bila msomaji.

Wako,
Mpenzi wa fasihi