Shukrani kwa waliotulaza karibu na mtoto wetu

Familia yetu inatoa shukrani za dhati kwa ndugu, jamaa, marafiki, majirani na waumini wenzetu mliokuwa nasi katika miezi 19 ya kumuuguza binti yetu mpendwa, na mliotushika mkono siku ya kumzika. Alikuwa na miaka sita. Arobaini imepita, na leo tumeweza kukaa chini kuandika.

Hatutaweza kumtaja kila mmoja, mtuwie radhi. Shangazi yake, ulimchukua mdogo wake ukamlea kama uliyemzaa. Babu na Bibi, simu yenu ya alfajiri kutoka nyumbani haikukosekana hata siku moja, na yeye mwenyewe alikuwa akiidai akiamka. Wajomba, mlibeba jeneza pale baba yake alipoishiwa nguvu. Waswahili wenzetu wa Pennsylvania na New Jersey, mlichanga mara mbili bila kukumbushwa. Madaktari na wauguzi wa wodi ya saratani, mlipigana hadi dakika ya mwisho, na mlimwita kwa jina lake la nyumbani kwa sababu alitaka hivyo.

Msibani wengi mlituuliza swali moja: muda wote ule mlikuwa mnalala wapi? Tulijibu kwa kifupi kwa sababu haikuwa siku yake. Leo tunajibu kwa kirefu, maana katika jibu hilo wamo watu wa kushukuriwa ambao hatukuwahi kuonana nao, na baadhi yao wameshatangulia mbele ya haki.

Tunaishi mwendo wa saa tano kwa gari kutoka Philadelphia. Daktari wa kwetu alipopapasa tumbo la mtoto na kukuta uvimbe mgumu, alituandikia rufaa siku hiyohiyo. Ikaonekana ni nyuroblastoma, saratani inayoanzia kwenye chembe changa za neva, mara nyingi katika tezi zilizo juu ya figo. Kwa binti yetu ilikuwa tayari imeingia kwenye mifupa na uboho. Usiku wa kwanza mama yake alilala kwenye kiti kando ya kitanda, na baba alilala ndani ya gari, amejifunika koti. Siku ya tatu tukahamia hoteli, na bili ya siku chache ikatufanya tuanze kuulizana tuuze nini. Tena ile hoteli ilikuwa mbali. Mmoja wetu alipokwenda kuoga, moyo wake ulibaki wodini.

Siku ya tisa, ofisa wa ustawi wa jamii alikuja kutuambia kwamba chumba kimepatikana Ronald McDonald House. Jina hilo tulilijua kwa chakula tu. Tulikuta nyumba kweli: chumba chetu wenyewe chenye vitanda na mashuka safi, mahali pa kufulia, jiko kubwa la pamoja, vinyago vya watoto, na watu wa kujitolea wanaokuja jioni kupika. Tulipouliza tutalipaje, tuliambiwa kwamba hakuna familia inayokataliwa kwa kukosa fedha. Mama yake alikaa kwenye ngazi akalia. Tangu uvimbe uonekane alikuwa hajalia mbele za watu.

Ni mzee mmoja wa kujitolea, akitumenyea viazi pale jikoni, aliyetusimulia nyumba ilivyoanza. Baadaye tulisoma wenyewe, na kila tulichosoma kilizidi kutugusa.

Alikuwepo daktari mwanamke, Audrey Evans, mzaliwa wa York, Uingereza, mwaka 1925. Mwaka 1969 alikuja Philadelphia kuongoza matibabu ya saratani katika Children's Hospital of Philadelphia. Mwaka 1971 yeye na wenzake walitoa mpangilio wa hatua za nyuroblastoma, ule ambao madaktari waliutumia kupima ugonjwa umesambaa kiasi gani na mtoto apewe tiba ya nguvu gani. Siku hizi kuna mpangilio mpya, lakini umetoka kwenye mizizi hiyo. Tulipojua hivyo tulinyamaza wote wawili. Aliyewafundisha madaktari kuusoma ugonjwa wa binti yetu ndiye huyohuyo aliyetaka wazazi wa wagonjwa wapate pa kulala. Aliwaona wakijikunja kwenye viti na kula vya kwenye mashine, akaona kwamba kumtibu mtoto huku mzazi wake anaporomoka ni kazi nusu.

Nyumba aliitamani, fedha hakuwa nazo. Zilitoka upande ambao mtu asingeutazamia. Fred Hill, mchezaji wa Philadelphia Eagles, timu ya futiboli ya Kimarekani, alikuwa na binti aitwaye Kim aliyegunduliwa kuwa na saratani ya damu akiwa na miaka mitatu. Fred na mkewe walikuwa wamelala kwenye viti vya hospitali kama sisi. Wachezaji wenzake walianza kuchangisha, na meneja mkuu wa timu, Jim Murray, akaenda kwa Dakta Evans kumuuliza ana shida gani nyingine. Akajibu: nyumba. Murray akabisha hodi kwa McDonald's, kampuni ya migahawa, kupitia mtu wa matangazo aliyefahamiana naye. Meneja wao wa eneo lile, Ed Rensi, akakubali kwamba mauzo ya kinywaji chao cha kijani, kile cha sikukuu ya Mtakatifu Patrick mwezi Machi, yachangie nyumba, nayo nyumba ichukue jina. Tarehe 15 Oktoba 1974 ikafunguliwa katika mtaa wa Spruce, ikiwa na vyumba saba.

Vyumba saba! Tumeirudia hesabu hiyo mara nyingi tukiwa wawili. Kila usiku familia saba hazikulala kwenye viti, na wote waliofuata walifuata nyayo hizo. Mwaka 1977 wazazi na madaktari wa Chicago walifungua ya pili. Mwaka 1981 zikafika Kanada na Australia. Mwaka 1984, baada ya kufariki Ray Kroc aliyeikuza kampuni ile, likaundwa shirika la hisani kwa kumbukumbu yake. Leo nyumba zimepita 350 duniani, na vipo pia vyumba vya familia ndani ya hospitali zenyewe, kwa mzazi asiyeweza kwenda hata hatua mia. Haki isemwe: jina ni la kampuni, ila sehemu kubwa ya fedha hutolewa na watu wa kawaida, wakiwemo wanaotumbukiza chenji kwenye visanduku. Kama uliwahi kutumbukiza, hata mara moja, shukrani hizi ni zako pia.

Kim Hill alipona ile saratani ya damu. Alikua, akawa mtu mzima, akafariki mwaka 2011 akiwa na miaka 44. Dakta Evans alifariki mwaka 2022, ana miaka 97. Tungependa wangejua kwamba mtoto wa Kiswahili alicheza na wanasesere katika nyumba waliyoianzisha, siku zile dawa zilipompa nafuu na akaruhusiwa kutoka wodini. Alikiita chumba kile "kwetu kwa pili".

Sasa usiku ule. Ilikuwa saa nane na dakika kumi, simu ya muuguzi ikaita: njooni sasa. Tulifika sote wawili. Alikuwa bado anatufahamu. Mama yake alimshika mkono wa kulia, baba wa kushoto, akaomba aimbiwe, tukaimba. Alikata roho kabla ya alfajiri. Tungekuwa kule nyumbani, saa tano za barabara, tungekuta ameshafunikwa shuka. Uchungu wa mwana haupungui kwa kuwahi, tunaujua leo kuliko jana. Lakini hatumlilii mtoto wetu huku tukijiuliza kama alitutafuta.

Tuliporudi chumbani asubuhi kufunga mizigo, tulikuta mtu ameacha chai ya moto na mkate mlangoni. Mpaka leo hatujui ni nani. Ewe uliyefanya hivyo, asante. Na ninyi wazazi wenzetu wa pale, mliokuwa mkituuliza hesabu ya chembe za damu za mtoto kabla ya kutuuliza tumeamkaje, tunawaombea watoto wenu kwa majina yao kila usiku. Dada zetu mliokuja jikoni mkapika pilau siku ya kuzaliwa kwake, watu wa mataifa yote wakala, yeye alisimulia siku hiyo hadi mwisho.

Michango yenu imelipa gharama zote za mazishi na kuna kiasi kimebaki. Baada ya kushauriana na wazee, tumekitenga kwa chakula cha jioni cha familia zinazolala pale, Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao. Anayependa kuja kupika azungumze na shangazi wa binti yetu mapema, maana nafasi za jikoni huandikishwa, na tafadhali mwenye mafua asije, kwa usalama wa watoto. Chumba chetu kina wageni wengine sasa. Hatutapanda ghorofani, tutaishia jikoni.

Ni sisi, baba yake, mama yake na mdogo wake.