Jumamosi: bukumakleti zetu za kwanza

Habari za jioni ndugu zangu,

Jumamosi saa 4 asubuhi tukutane Sinza, palepale. Safari hii tunatengeneza bukumakleti: alamisho ya kivinjari ambayo, badala ya anwani ya tovuti, imebeba msimbo wa JavaScript. Ukiibofya, inafanya kazi ndani ya ukurasa uliofungua.

Nimemkumbuka mwenzetu wa Kariakoo anayetiki oda moja moja kila jioni, hadi mkono unauma. Mstari huu, unaotiki visanduku vyote vya ukurasa kwa mbofyo mmoja, unamtosha:

javascript:document.querySelectorAll('input[type=checkbox]').forEach(x=>x.checked||x.click())

Nimeweka click() makusudi. Programu nyingi za wavuti hazitambui tiki iliyobadilishwa kimyakimya, zinasubiri mbofyo. Msiubandike kwenye upau wa anwani, maana Chrome huondoa lile neno la mwanzo, javascript:. Tengeneza alamisho mpya, uuweke panapokaa anwani.

Na hili nawasihi sana: msihifadhi msimbo msiouelewa, hata ukitoka kwa rafiki. Unaendeshwa ukiwa tayari umeingia kwenye akaunti yako, kwa hiyo unaweza kusoma na kutuma chochote kilichopo hapo.

Njooni na laputopu zenye chaji, umeme wa pale mnaujua. Simu peke yake itawasumbua. Atakayechelewa anijulishe mapema, tafadhali.