Mbwa Saba kwa Kumi: Wito wa Mchango wa Chanjo, Katuba

Wababa, wamama na vijana wa parokia, nanyi majirani wa Katuba, hapa Lubumbashi, mnaosali kwingine au msiosali popote, tunawaomba makuta, yaani pesa, ya kuchanja mbwa dhidi ya ugonjwa wa kichaa cha mbwa.

Tunajua wengine mtashangaa. Paa la kanisa linavuja na shuleni watoto wanabanana kwenye madawati, halafu kamati ya afya inakuja kuombea mbwa. Tunaomba kwa ajili ya watoto, na tunawasihi msome mpaka mwisho.

Parokia yetu imemzika mtoto wa shule ya msingi aliyeng'atwa mkononi na mbwa wa njiani. Familia ilizunguka kutafuta chanjo. Pa kwanza haikuwepo, pa pili ilikuwepo lakini bei iliwashinda. Jeraha likafunga lenyewe, wakashukuru Mungu. Wiki kadhaa zilipita, kisha mkono ukaanza kumwasha pale pale alipong'atwa, akawa na homa, akawa anashtuka kila akiletewa kikombe cha maji. Kiu anayo, kumeza hawezi. Kwenye kilio tulisikia watu wakinong'ona habari za ulozi, na nyanya yake akatazamwa kwa jicho baya. Tunasema wazi mbele ya wote: hakuna aliyemloga mtoto yule. Aliuawa na kichaa cha mbwa, ugonjwa unaoweza kuzuiwa kabisa.

Virusi vyake vinakaa kwenye mate ya mnyama mgonjwa. Meno yakipasua ngozi, au mate yakiingia kwenye mchubuko, jichoni au mdomoni, vinashika njia ya mishipa ya fahamu na kupanda polepole mpaka kwenye ubongo. Safari hiyo mara nyingi huchukua miezi miwili au mitatu, lakini inaweza kuwa wiki moja, inaweza kufika mwaka. Jeraha likiwa karibu na kichwa, safari ni fupi, ndiyo maana tunawaogopea zaidi wadogo: kimo chao kinaweka uso wao sawa na mdomo wa mbwa. Dalili zikishatokea, karibu hakuna anayepona, hata katika hospitali kubwa za Ulaya. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 59,000 hufa hivyo kila mwaka, wengi mno wakiwa Afrika na Asia, na kati ya watu wanaong'atwa na wanyama wa kushukiwa, 40 kwa mia ni watoto chini ya miaka 15.

Kwa hiyo, hata kabla hatujakusanya franga moja, kila mzazi ashike hili. Mtu aking'atwa, osheni jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 nzima. Si kumwagia tu. Dakika 15 ni ndefu kuliko mnavyofikiri mtoto akiwa analia, lakini sabuni inaviua virusi vingi pale pale mlangoni. Kisha kituo cha afya siku hiyo hiyo, akaanze chanjo, na jeraha likiwa baya aongezewe serumu, yaani dawa yenye kinga iliyo tayari. Msifunike kwa jiwe jeusi, msipake mafuta ya breki, wala pilipili, wala majani. Mbwa akiwa anajulikana, msimuue: mfungeni, mtazameni siku 10. Akibaki mzima siku zote hizo, hakuwa na virusi kwenye mate siku aliyong'ata. Na tafadhali, msiwapige watoto wanaokuja kusema wameng'atwa. Wengi hunyamaza kwa sababu wanaogopa kuambiwa walimchokoza mbwa. Kunyamaza huko ndiko kunakoua.

Matibabu hayo baada ya kung'atwa, ukijumlisha safari na siku za kazi zilizopotea, hugharimu kwa wastani wa dunia dola 108 kwa mtu mmoja. Nani Katuba anazo siku ya kwanza? Ndiyo maana tunataka kuukata ugonjwa mahali unapoanzia. Katika kila vifo 100 vya watu, 99 chanzo chake ni mbwa. Mbwa mmoja mgonjwa, kwa kawaida, huwaambukiza wenzake wachache tu, mmoja au wawili, kabla hajafa. Mbwa 7 kati ya kila 10 wakiwa wamechanjwa, yule mgonjwa anakosa wa kumpa, na ugonjwa unazimika wenyewe. Hiyo saba kwa kumi ndiyo hesabu yetu yote. Tukichanja watatu wa matajiri wenye geti la chuma na kuwaacha wa nyumba za nyuma, tutakuwa tumetupa pesa.

Kuna wanaosema dawa ni kuwaua mbwa wote. Tunawaelewa uchungu wao, lakini tunakataa. Kisiwa cha Flores, Indonesia, ugonjwa uliingia mwaka 1997, wakaua mbwa kwa maelfu, na ugonjwa ukabaki. Brazil walijaribu njia hiyo kwa ugonjwa mwingine wa mbwa na watu, kala-azar, unaoenezwa na usubi: kwa miongo mingi mbwa waliopimwa na kukutwa nao waliuawa, na familia zikaleta watoto wa mbwa wapya, wachanga, wasio na kinga yoyote. Ugonjwa ukaendelea kusambaa mijini. Siku hizi wameongeza njia ya kuwavisha mbwa ukanda wenye dawa ya kufukuza usubi. Hapa kwetu ingekuwa vile vile, maana mbwa ndiye mlinzi wa parsele, yaani kiwanja cha nyumba. Ukimuua leo, kesho unaleta mwingine ambaye hajachanjwa, kwa kuwa wezi hawajaondoka.

Waliochanja wamefaulu. Pemba, ndugu zetu wa Tanzania, waliufuta ugonjwa kisiwani kwa kuchanja mbwa. Mwaka 2016 ukarudi kutoka nje, wakachanja tena, ukaisha. Mwaka 2019 Mexico ilikuwa nchi ya kwanza kuthibitishwa na Shirika la Afya Duniani kwamba imemaliza vifo vya watu wanaoambukizwa kichaa na mbwa, baada ya miaka mingi ya chanjo ya bure kwa mbwa.

Tunaomba franga 5,000 kwa kila parsele. Hizo zinatosha mbwa mmoja: dozi, sindano, kadi, na alama ya rangi shingoni ili tujue nani amepata. Mwenye uwezo alipie na mbwa wa jirani, na wale wa sokoni wasio na mwenyewe. Asiye na kitu alete mbwa wake tu, hatutamuuliza. Sehemu ya mchango itanunua masanduku ya barafu, maana chanjo inatakiwa kukaa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 na umeme wetu mnaujua. Sehemu nyingine itawachanja kwanza vijana watakaowashika mbwa. Hatuwezi kumtuma mtoto wa mtu kwenye meno bila kinga. Mji wetu una Kitivo cha Udaktari wa Mifugo cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na tutawaomba walimu na wanafunzi wake watusimamie.

Mchango upelekwe kwa mweka hazina wa shirika lenu, naye ataandika jina na kutoa risiti. Hesabu itasomwa mbele ya watu wote kila Jumapili baada ya misa. Tunataka kuchanja wakati wa kiangazi, siku za Jumamosi, shule zikiwa zimefungwa, ili Septemba 28, siku ya dunia ya kupambana na ugonjwa huu, itukute tumemaliza. Mwaka ujao tutarudi kuomba tena, kwa kuwa mbwa wanakufa na wengine wanazaliwa, na saba wa mwaka huu watakuwa wamepungua.

Leteni na watoto wa mbwa, hata wa wiki chache, nao wanachanjwa. Kila mbwa aje na kamba shingoni na mtu mzima anayemfahamu. Aliye mkali asiyefungika, mwambieni mkuu wa avenyu mapema, nasi tutakuja nyumbani.